Bwana Harusi Aliyesukuma Gari Mpaka Ukweni

Habari hii watu wa Lindi wanaitia chumvi, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe mhusika, ingawa hata leo nikipita Mingoyo nashusha kofia mpaka puani.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa milango, nilikuwa fundi magari Lindi mjini, na nilikuwa na gari la mashindano, kuukuu, jekundu, la viti viwili, nililoachiwa na meneja wa shamba la mkonge alipofungasha virago (alikosa wa kumuuzia, maana halibebi hata gunia la korosho). Mjini lilikuwa peke yake, na kichwa changu kikavimba. Kasoro yake moja tu, cheni ya ndani ya injini ilikuwa imelegea, ukiwasha unasikia kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo.

Sasa ndugu yangu Saidi, mtoto wa baba mdogo, akawa anaoa Mingoyo, nami nikajitolea kumpeleka. Kuingia ukweni na kelele zile nikaona aibu. Spea za Dubai zilishaanza kumiminika, nikaagiza tensheni mpya, vile vidude vinavyoikaza cheni, cha juu na cha chini, vya kisasa kuliko vya zamani. Kila kimoja kinakuja springi yake imebanwa kwa pini. Ukishakifunga unachomoa pini, springi inasukuma, cheni inakaza.

Nikavifunga asubuhi ya harusi yenyewe. (Najua. Msinitazame hivyo.) Cha juu nikachomoa pini, na kabla sijafika cha chini Saidi akaingia na kanzu na joho, ananukia udi.

"Kaka, wenzetu wa pikapu wameshaondoka. Shehe anatusubiri."

Nikababaika, nikafunika injini, nikakimbia kuoga, na nilipokwisha kuvaa kanzu yangu nyeupe wasiwasi ukaniingia kuhusu ile pini ya chini, lakini kuangalia ni kujipaka grisi, basi nikajiambia nimeshaichomoa.

Mwanzoni gari lilikwenda kimya, raha tupu, halafu misumari ikarudi, safari hii kopo zima.

"Hiyo nini?" Saidi akauliza.

"Vipya hivyo, vinajizoeza," nikamjibu (fundi hakosi jibu).

Tulipokata kona pale njia panda ya Mingoyo cheni ikaruka meno, injini ikagonga, ikazima, mbele ya wauza mihogo wote. Saidi akasema tuliache, tutembee, si mbali. Mimi nikasema gari la harusi haliachwi njiani. Na kwa kuwa yeye usukani haujui, nikakaa mimi, akasukuma yeye, na kina mama wa mihogo wakatusindikiza kwa vicheko.

Vigelegele vilianza tulipotokeza, vikakatika katikati. Baba wa bibi harusi, Mzee Mkwinda, alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo mzee," nikasema, bado nimeshika usukani.

"Marahaba." Akamtazama Saidi aliyeloa jasho, joho limejaa vumbi jekundu. "Mimi niliambiwa gari linamleta bwana harusi. Naona bwana harusi ndiye kalileta gari."

Uwanja mzima ulicheka, na shehe akajifunika uso kwa kitambaa. Saidi hakucheka, alikuwa anapangusa joho na vumbi halitoki, na hapo ndipo nilipoliona kosa langu, maana siku ile ilikuwa yake, mimi nimeigeuza ya gari. Mzee akamshika mkono, akampeleka kuoga, akampa kanzu yake mwenyewe, na kwa vile mzee ni mfupi, ndugu yangu akaoa miguu ikiwa nje mpaka karibu na magoti. Mimi nilikaa mlangoni, kwenye viatu, na pilau ikanifikia mwisho.

Kesho yake nikafungua injini. Pini ya chini ilikuwa mahali pake, imetulia, na vali zote zimepinda.

Saidi alinisamehe, ilichukua muda. Nami nimeapa kutombeba tena mtu yeyote siku yake ya harusi. Nikialikwa napanda nyuma ya pikapu, pamoja na masufuria, na anayeniuliza habari za injini namwambia amuulize dereva.