Sponji Ndani ya Gitaa la Mzee Shomvi

Nakumbuka Jumamosi moja, saa kumi na dakika ishirini jioni, harusini Kibuta, gitaa nililoshika lilipoanza kupiga yowe. Halikuwa langu. Lilikuwa la Mzee Shomvi, kiongozi wa bendi yetu ya Kibaha: gitaa la umeme la mbao ya mjozi, mti wa ng'ambo, rangi ya kahawia iliyokoza, lenye uwazi ndani na matundu mawili marefu usoni. Alikuwa ananijaribu kwenye solo. Kila nilipoongeza sauti, spika ilipiga kelele hadi maharusi wakaziba masikio.

Mwanangu, hapo mtu mwenye akili angemuuliza mwenye gitaa. Mimi nilikuwa nimesoma kitabu kimoja cha mambo ya sauti, tena nusu, nikahitimisha kwamba tatizo ni ule uwazi. Nikaomba kubaki na gitaa wiki nzima nifanye mazoezi. Nikakata sponji ya godoro vipande, nikavisukuma ndani kwa spoku ya baiskeli, na ili visicheze nikavimiminia gundi ya mbao. Nilipima kila kitu vizuri. Mpaka leo hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Harusi iliyofuata ilikuwa Mzenga. Yowe halikutoka. Muziki nao haukutoka. Shangazi wa bibi harusi alinisogelea, akauliza, "Baba, hilo gitaa lina mafua?"

Mzee Shomvi akalichukua, akachungulia tunduni, akachomoa kipande cha sponji kwa kucha. Hakupandisha sauti.

"Umelitandikia godoro," alisema. "Kule Kibuta ulisimama uso kwa uso na spika. Ungeniuliza, ningekwambia sogea pembeni. Basi."

Fundi wa Kibaha ilimbidi akate mgongo wa gitaa ili aitoe ile gundi. Mjozi ukapasuka, na mbao kama ile haikupatikana, akaziba kwa mninga. Mzee alilipokea na kiraka chake, ila solo akampa mwingine.

Sasa mimi ndiye fundi, na nyinyi mnaniletea magitaa mmeshayafungua, simu mkononi, mnasema mmeona video. Mwanangu, kabla hujashika bisibisi, muulize aliyekaa na kitu hicho miaka. Anza kwa kubadilisha pale unaposimama. Kisichoweza kurudi kama kilivyokuwa, kiguse mwisho kabisa. Mungu akupe subira ya kuuliza, akupe na mtu wa kukujibu, na akuepushe na malipo ya fundi kama yangu: shilingi laki mbili na elfu arobaini.