Jino Lililouma Halikuwa Bovu

Nilianza kuumwa nikionja juisi ya ukwaju. Natengeneza juisi nyumbani, Kiwalani, nawapelekea wenye migahawa, na siwezi kumuuzia mtu kitu ambacho sijakionja. Nilipiga funda moja tu, baridi ikazama kwenye gego la chini upande wa kushoto, nikaweka jagi mezani na kushika shavu. Funda likashuka, maumivu yakabaki. Yakawa yanadunda.

Mama, ambaye naishi naye, alinitazama akasema, "Ling'oe. Jino likishaanza hivyo halina urafiki."

Yeye upande wa kushoto chini hana magego mawili, na juu hana moja. Hutafunia kulia, na ukimpa muhogo wa kukaanga anaumega vipande vidogo vidogo. Nilikua nikiamini watu wazima wote ndivyo wanavyokula. Alinipa karafuu niing'ate, akanichemshia maji ya chumvi nisukutue. Maumivu yakatulia, yakarudi, yakatulia tena. Ikafika mahali sijui kama naumwa au nawaza kuumwa. Sikio nalo lilipoanza kuvuta, tukaenda kliniki ya meno.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mie. Alimwamkia mama, akamkalisha karibu na mlango, kisha akaniambia nimwoneshe jino. Nikaweka kidole bila kusita: gego la chini, la pili kutoka mwisho.

Akaligonga kwa mpini wa chuma. Sikusikia kitu. Akagonga la jirani, kimya. Akapanda juu, akagonga gego la upande uleule, nikaruka kwenye kiti. Halafu akachukua pamba yenye baridi kali. Chini nilisikia baridi ikaja na kupita. Juu nilimdaka mkono. Akapiga picha ya eksirei, akaiweka kwenye kompyuta.

"Jino lako la chini zima," alisema. "Bovu ni la juu. Limetoboka pale linapogusana na mwenzake, huwezi kuona kwa kioo. Uozo umefika kwenye mshipa."

"Daktari, anayeumwa ni mie. Linauma chini."

"Nakuamini dada, unaumwa chini. Ila ugonjwa uko juu."

Nilijaribu kuelewa, kwa kweli nilijaribu. Nikaikazia macho ile picha. Mizizi ilionekana kama mihogo iliyopinduliwa, na yeye akawa ananionesha kivuli. Mie vivuli niliviona kila mahali.

Mama akainuka. "Mwanangu, twende zetu. Wapo wengine, ukiwaonesha jino wanang'oa hilohilo."

Nikashuka kwenye kiti. Mkoba nilishaushika. Daktari hakukasirika, alisema tu, "Nakuomba kitu kimoja. Nikuchome ganzi juu peke yake, chini nisiguse. Chini kukiendelea kuuma, basi nimekosea mie, na uende."

Nikarudi kwenye kiti. Sindano ikaingia kwenye ufizi wa juu, shavu likawa zito. Tukasubiri, mama amesimama ananitazama mdomo kama anayechunga maziwa jikoni. Ule mdundo wa chini ukapungua, ukapungua, ukakata. Nikaligusa jino la chini kwa ulimi, nikagonga ufizi wake kwa ukucha. Hakukuwa na ganzi pale hata kidogo. Na hakukuwa na maumivu.

"Vipi?" mama aliuliza.

"Limeacha."

"Lipi?"

Nikanyoosha kidole chini, kisha nikakipandisha juu.

Daktari akatueleza kwamba mishipa ya fahamu ya meno ya juu na ya chini hukutana kwenye shina moja kabla ya kufika kwenye ubongo, ndiyo maana ubongo unapokea habari ya maumivu lakini wakati mwingine unakosea mlango.

Mama akauliza taratibu, "Kwa hiyo mtu anaweza kung'olewa jino zima?"

"Inaweza kutokea, mama. Hasa asipopimwa kwanza."

Mama akakaa. Akaweka kiganja kwenye shavu lake la kushoto. "Mie waling'oa la chini, nikaendelea kuumwa. Wakang'oa la jirani yake, nikaendelea. Nikadhani nimerogwa. Walipokuja kung'oa la juu ndiyo nikapumzika."

Daktari alisema hawezi kujua, kwa kuwa hakuyaona meno hayo. Mama akaitikia kwa kichwa.

Nikaambiwa nichague: kung'oa lile la juu, au kutibu mzizi, yaani kutoa mshipa ulioharibika ndani, kusafisha mifereji ya mizizi na kuiziba, jino libaki.

"Ukilitoa mshipa si limekufa?"

"Halitasikia tena baridi wala moto. Ila litatafuna."

Jino lililokufa linalotafuna! Nikakubali hivyohivyo, sijaelewa.

Alinifunika mdomo kwa kipande cha mpira, jino likatokeza peke yake kwenye tundu. Akatoboa, akaingiza visindano vyembamba vyenye meno kama msumeno, akavizungusha, akaosha kwa dawa inayonuka kama ya kufulia nguo nyeupe. Nilikaa nikingoja uchungu niliosimuliwa na kila mtu. Haukuja. Kilichouma ni taya, kwa kukaa wazi muda mrefu. Akaliziba kwa dawa ya muda, akanisisitizia nirudi hata nikijisikia mzima.

Nyumbani ganzi ilipoisha, jino likauma kila nilipong'ata. Nikampigia daktari simu. "Umetoa mshipa, sasa kinachouma nini?" Akasema ni nyama inayoshika mzizi, imechokozwa, itatulia, nikivimba au nikipata homa nisisubiri, niende. Ikatulia kweli. Nikaanza kuona hakuna haja ya kurudi, mama ndiye aliyenisukuma. Niliporudi, daktari akaziba mizizi moja kwa moja, na baadaye jino likavikwa kofia, gamba gumu la kulifunika, lisije likapasuka.

Siku ya kofia, mama akaomba naye aangaliwe. Kumbe upande wa kulia ulikuwa unamsumbua na hakuniambia. Alitaka agongwe juu na chini, awekewe baridi, apigwe picha. Picha ikaonesha mzizi wa gego moja umepasuka. Daktari alisikitika, akasema hilo halitibiki, la kung'oa tu.

"Una hakika ni hilo?" mama aliuliza. Akaoneshwa ufa. Akauliza tena. Akaoneshwa tena. Ndipo akafungua mdomo.

Tulipotoka, amebana pamba, akanigeukia. "Yale mawili ya zamani yalikuwa mazima?"

"Sijui, mama."

"Hata yeye hajui," alisema. Tukaenda kutafuta ndizi mbivu, kitu laini cha kula.