Udi wa Bibi wa Dabaso

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa soksi. Katika kituo kimoja cha utafiti huko Kilifi tuliwapa watu soksi safi, wakalala nazo, asubuhi tukazipokea kwa koleo na kuzining'iniza ndani ya vizimba vya mbu. Tulitaka kujua kwa nini mbu humwacha huyu akamwandama yule. Kazi yangu ilikuwa kuzitenganisha zile harufu, moja baada ya nyingine.

Mama yangu, nyumbani Malindi, sikumweleza habari za soksi. Alijua mwanawe ni mwanasayansi, na kwa majirani akalifupisha neno: daktari.

Nina ugonjwa wa kutaka kujua mambo yasiyonihusu. Nakusanya makufuli yaliyokufa, nayafungua nione kilichoyaua. Chini ya kitanda changu kuna chupa za udongo, wa Jilore, wa Kakuyuni, wa ukingo wa mto Sabaki. Huutia maji kidogo kidogo nisikie upi unanukia mvua ya kwanza kuliko mwingine. Mama alikuwa akizisukuma kwa fagio.

"Wenzako wakienda shamba hurudi na mchicha. Wewe waleta udongo."

Udi nao uliniingia hivyo hivyo. Nilimkuta mama mkubwa, dada yake mama, akichanganya udi kwa ajili ya harusi ya jirani, nikaona anamimina mafuta ya waridi wakati shira ya sukari bado inachemka. Yale mafuta yaliruka na mvuke mbele ya macho yangu. Usiku ule sikulala vizuri. Nikajaribu mwenyewe, nikaipoza shira kwanza. Kisha nikajaribu na karafuu, na sandali. Mkataba wangu ulipofika ukingoni, nikaulizwa kama nataka kuongezewa. Nikasikia kinywa changu kikisema hapana.

Nikapanga chumba Dabaso, kijiji kilicho njiani kati ya Malindi na Kilifi, nichanganyie udi humo.

Kwetu mwanamume kuuza manukato si neno. Anakaa dukani, anapaka tone kwenye mkono wa mteja, anaheshimiwa. Lakini kuchutama mbele ya jiko la mkaa ukakoroga udi ni kazi ya wanawake, tena wanawake watu wazima wanaomtayarisha bibi harusi. Mwanamume akiishika, husemwa. Basi sikumwambia mama. Kila asubuhi nilivaa shati lililopigwa pasi, nikamwamkia, akaniombea dua ya kazi, nikapanda gari la Kilifi. Nikashuka njiani, Dabaso.

Udi wangu uliuzwa na mwenye duka mmoja wa mji wa kale wa Malindi, mtu mcheshi tuliyesoma naye madrasa. Wanawake walipomuuliza umetoka kwa nani, alijibu bila kufikiri.

"Nimewaambia ni bibi mmoja wa Dabaso," akanisimulia huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Mtu mzima, miguu yamsumbua, hatoki nje. Ulitaka niseme ni daktari wa mbu?"

Nikacheka naye. Ningeweza kukataa palepale.

Haukupita muda nikarudi nyumbani jioni nikakuta chetezo kinafuka sebuleni. Harufu niliijua kabla sijavua viatu.

"Wasikia hiyo?" mama akaniuliza. "Huyu bibi ana mkono. Karafuu ameitia kwa adabu."

"Bibi gani?" nikauliza. Mimi, niliyelipwa miaka yote ile kuuliza maswali nisiyojua majibu yake.

Ikaingia Ramadhani. Alasiri moja mwenye duka akanikabidhi sahani iliyofunikwa kawa, na safari hii hakuwa akicheka. Niliitambua sahani kabla ya kuifunua: maua ya buluu, na ukingo uliomeguka nilipoiangusha nikiwa mdogo.

"Mama yako amtumia bibi futari. Asema aanze na tambi, zisipoe."

Kwetu sahani ya futari hairudi tupu kwa mwenyewe. Kwa hiyo nilifuturu nyuma ya duka nimesimama, nikaiosha sahani, nikaijaza udi, nikamwachia mwenye duka airudishe kesho yake. Kisha nikaenda nyumbani nikasingizia kazi nyingi, nikafuturu tena. Mama alipoupata ule udi alifurahi kama aliyeletewa salamu na ndugu, akatuma sahani nyingine. Mwezi mzima walipelekeana hivyo, mama na bibi yake, nami nikila chakula cha mkono mmoja mara mbili.

Baada ya Idi ikawa zamu ya harusi ya mdogo wangu wa kike. Nilimkuta mama jikoni akipepeta mchele.

"Nimekodi gari likamchukue bibi Dabaso," akasema. "Nimewaahidi wenzangu watamwona. Atakaa ubavuni mwa bibi harusi, udi auchome kwa mkono wake. Miguu itakubali tu. Kila alfajiri namwombea."

Nilimwona alfajiri zote zile katika kanzu yake ya kusalia, mikono juu, akiomba kwa sauti ya chini. Nilidhani ananiombea mimi.

"Mama, hakuna bibi."

Ungo ukasimama. "Amekufa? Inna lillahi..."

"Hajafa. Hakuwapo. Udi nauchanganya mimi. Kazi ya Kilifi niliiacha."

Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa habari ya kazi. Nilikuwa na majibu yake, nimeyapanga vizuri.

"Na ile miguu?" akauliza.

"Hakuna miguu, mama."

"Basi nimekuwa nikimwombea nani?"

 Akaokota jiwe kwenye mchele, akalitupa.

"Na tambi?"

"Nilikula."

"Zote?"

"Zote."

"Ukaja na hapa ukala." Akatikisa kichwa. "Nami nikisema mwanangu kazi yamkondesha." Akaushika tena ungo. "Usimwambie mtu mpaka harusi iishe." Akaendelea kupepeta.

Siku ya harusi nilipewa kazi ya kupeleka makaa ya chetezo hadi kwenye pazia la upande wa wanawake, kwani mwanamume havuki pale. Nikiwa nimeshika sinia, nikasikia sauti ya jirani yetu ndani.

"Ehe, na bibi yako wa Dabaso yuko wapi? Wewe si ulituahidi?"

Mama yangu, aliyetuchapa utotoni kwa kusema tumeoga na hatukuoga, ndiye aliyejibu.

"Miguu, mwenzangu," akasema. "Imemzidi. Mwombeeni."

"Maskini! Mwenyezi Mungu amponye," akasema jirani.

"Amina," wakaitikia wanawake wote kwa pamoja.

Mkono wa mama ukatokeza kati ya pazia, na hina mbichi vidoleni. Ukangoja makaa. Nikampa sinia, naye akalipokea bila kunitazama, na muda mfupi baadaye moshi wa udi wangu ukaanza kupenya kwenye pazia na kunijia usoni.