Dumu la Saba

Ilikuwa Jumapili, siku ya arobaini tangu nimpoteze mume wangu, Shabani. Aibu ya siku hiyo nimeificha vya kutosha, leo naisema yote.

Hapa kwetu Kerege umeme ukikatika pampu ya kisima nayo inalala, maji hakuna. Shabani alikuwa na chemli, na dumu lake la mafuta ya taa. Mimi nilijua kuwasha na kuzima swichi tu. Kwa hiyo hitma yake ilipokaribia nikaapa kwamba umeme hautanifedhehesha mbele ya wageni, nikanunua mishumaa ya kutosha kanisa zima (na sisi ni Waislamu), tochi tatu, nikajaza maji madumu sita, kisha nikaona hayatoshi, nikalichukua na lile la mafuta ya taa, lililobaki tupu, nikalisugua kwa sabuni na mchanga, nikalinusa, nikasema limetakata, nikalijaza nalo. Pua ilikuwa imeziba kwa siku thelathini na tisa za kulia, lakini hilo sikulifikiria.

Umeme haukukatika. Ulikuja msibani alfajiri na haukutoka, kama jamaa wa karibu. Wapishi wakataka kukinga maji ya bomba, mimi dirishani (nilikuwa eda, sitoki mbele ya wanaume) nikawakataza: "Anzeni na ya madumu, yasije yakaharibika."

Wakaanza na la saba, maana ndilo lililokuwa karibu na sufuria.

Hitma ikasomwa vizuri, pilau ikapakuliwa kwenye masinia. Kupitia upenyo wa pazia nikaona watu wanatafuna polepole, wanatazamana, hakuna anayesema, kwani chakula cha msiba hakitiwi kasoro. Maalimu aliyeongoza hitma alikunywa glasi ya tatu ya maji akasema, "Mashallah, ina viungo."

Aliyesema kweli ni Maganga, Mnyamwezi, mtani wa marehemu, na mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote. Alinusa tonge akalirudisha. "Jamani, Wazaramo hawa wametupikia kwa mafuta ya taa. Mwenye sigara akae mbali na sinia."

Watu wakacheka. "Kula, mtani, acha maneno," wakamwambia, wakaendelea kumeza. Hata mimi nilicheka. Kisha nikaletewa sahani yangu, na asubuhi hiyo nilikuwa nimejifukiza, pua imezibuka.

Ningenyamaza, ingepita. Lakini watu wale walikuwa wanajilazimisha kwa heshima ya Shabani, na wengine ni wazee wenye vidonda vya tumbo. Nikapaza sauti nyuma ya pazia: "Mtani hatanii. Ni mafuta ya taa kweli, dumu nililiosha mimi. Acheni kula, mnisamehe."

Mikono ikatoka siniani kama ya watoto waliosamehewa adhabu. Dada yake Shabani akaninong'oneza, "Wifi, si ungeacha tu wamalize?" Maalimu akauliza kama kuna tende.

Tangu hapo dumu la mafuta ni la mafuta, hata nikilisugua mwaka mzima.

Watu walipokuwa wanaaga, Maganga akaja mpaka kwenye pazia. "Shemeji, nipe hiyo sahani yako."

"Ya nini, shemeji? Si wewe uliyesema?"

"Nimesema. Ila siondoki kwenye arobaini ya Shabani sijala."

Nikaipitisha chini ya pazia. Akala matonge matatu, akasukumia na maji, akanirudishia sahani.