Mtoto Aliyechaguliwa na Nyuki

Mdogo wangu Gaspari hakuwahi kuwa mtu wa maneno. Tulipokuwa watoto mama alimtuma chumvi dukani, akarudi jua linazama na maua ya mwituni mkononi, chumvi kaisahau, na ulipomgombeza alikutazama kana kwamba unamwita kutoka ng'ambo ya mto. Mimi Theodora, dada yake mkubwa, ndiye niliyepewa mdomo wa familia nzima. Basi hata hili nitamsemea.

Gaspari ni mrina asali. Nyumba yake iko mwisho kabisa wa kijiji chetu cha Mgori, pale mashamba ya alizeti yanapokoma na msitu unapoanza, na mizinga yake ya magogo imetundikwa huko ndani kwenye miyombo. Kazi hiyo alifundishwa na baba yetu, na kubwa alilofundishwa ni kunyamaza. Kwetu mrina asali haongei msituni. Ukishavuka njia ya ng'ombe unafunga mdomo mpaka utakapotoka, unasema kwa mkono na kwa macho tu, maana nyuki, baba alituambia, hawamtaki mwenye kelele wala mwenye kushtuka. Na katika kila kizazi huchagua mtoto mmoja asiyeshtuka. Kizazi chetu walimchagua Gaspari. Mimi walinichagua wa kumkimbiza, na alama ninayo shingoni hadi leo.

Binti yake Rebeka aliugua masikio kabla hajajua kukaa. Yalitoa usaha, yakakauka wiki mbili, yakaanza upya, na mto wake ulikuwa na harufu ambayo sote tulijifanya hatuisikii. Dawa nilileta mimi. Asali vuguvugu, matone mawili matatu kila sikio, kisha kipande cha pamba. Ndivyo mama alivyotutibu sisi, na katika nyumba iliyojaa asali nani angekwenda kununua dawa? Mtoto alilala baada ya hapo, nami nikajisifu.

Alipofika miaka minne akaanza kumfuata baba yake msituni. Niliandamana nao siku moja, alasiri, jua limelegea. Gaspari alikuwa juu ya mti na kienge cha majani makavu, na moshi ulishuka taratibu ukatembea kati ya miti kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau. Chini alisimama Rebeka. Nyuki walipita juu ya nywele zake, wengine wakatua mikononi, naye akawatazama tu, akitabasamu. Baba yake akipunga mkono, analeta ndoo. Akipunga tena, anarudi nyuma, anakaa. Saa nzima ikapita hivyo bila neno na wala neno halikuhitajika. Mwanga ulikuwa wa rangi ya asali yenyewe. Nilijiona nimeingia katika ndoto ya watu wengine, na sikutaka kuamshwa.

Tulipovuka njia ya ng'ombe Gaspari akaniambia, "Dada, wamemchagua." Sijapata kumwona na furaha ile, hata siku ya harusi yake.

Mkewe Agnes hakufurahi. Yeye ni mtu wa Mungaa, kwao ni wafugaji. Siku moja tukipepeta mtama akasema, "Wifi, huyu mtoto hasikii."

"Mtulivu tu. Kamfuata baba yake."

"Baba yake ukimwita anageuka."

"Ukimwita mara tatu," nikamjibu, nikacheka.

"Rebeka hageuki hata mara kumi. Na maneno yake, wifi, hujayaona? Nusunusu, hayatimii."

Nikamwambia watu wa ng'ombe hawajui mambo ya nyuki, wao wamezoea miluzi na kelele, mtoto mwenye utulivu wanamwona mgonjwa. Nilisema hivyo, Mungu anisamehe. Agnes akainamia ungo wake, akaendelea kupepeta.

Mwezi wa sita mwaka jana nilikuwa shambani kwao, tunavuna alizeti. Mchana ulikuwa mtulivu, upepo wa Singida ambao hauchoki siku hiyo ulikuwa umechoka. Ghafla nikasikia mtu anapiga kelele msituni. "Rebeka! Rebeka, ondoka! Rebeka!" Ilinichukua muda kutambua kuwa ni Gaspari, maana sauti ile sikujua kama anayo.

Alivyotueleza baadaye, alikuwa juu ya mti anashusha mzinga, na kamba ilikuwa inakatika. Rebeka alikuwa chini yake moja kwa moja, kampa mgongo, anaokota majani. Ishara za mkono angezionaje? Ndipo Gaspari akavunja mwiko wa baba, akaita mpaka ndege wakaruka. Mtoto hakugeuka. Mzinga ulianguka hatua moja kutoka alipokuwa, na kilichomgeuza ni ardhi iliyotikisika chini ya miguu yake. Alitazama masega yaliyopasuka, akatabasamu, kisha nyuki wakamvaa. Gaspari aliruka, akamfunika kwa koti lake, akatoka naye mbio.

Mimi niliyekuwa shambani, mbali, nilimsikia. Rebeka aliyekuwa chini ya mti hakumsikia. Tulimng'oa miiba ya nyuki uani, na hakuna aliyethubutu kumtazama Agnes usoni.

Kesho yake asubuhi tulikwenda mjini, hospitalini, sote wanne. Daktari Ziada, mama mwenye vidole vyembamba na sauti ya upole, alimulika sikio moja, akamulika la pili. Kisha akauliza, "Humu mmekuwa mkimwekea nini?"

Gaspari akatazama sakafu. Agnes alikuwa na haki zote za kuninyooshea kidole, na hakuninyooshea.

"Asali," nikasema. "Ni mimi, daktari. Tangu akiwa mchanga."

Angenigombeza ningepata nafuu. Akaeleza tu, polepole, kwamba ngoma za masikio yote mawili zimetoboka kwa sababu ya usaha wa miaka, na sikio la namna hii linataka kukauka, sio kumiminiwa kitu, iwe asali, mafuta au maji ya kuoga. Akatoa kwa pamba uchafu uliogandana humo, akatupa dawa ya matone, akamfundisha Gaspari kusokota kitambaa safi na kukausha sikio kabla ya kuitia.

"Atasikia?" Gaspari akauliza.

"Kiasi gani, sijui. Mngemleta akiwa na mwaka mmoja, ningekujibu bila kufikiri."

Nje, kwenye benchi, mama mmoja aliyekuwa anasubiri zamu akatuonea huruma, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nusura nimvue kilemba. Methali ile haitamkwi tena nyumbani kwangu. Gaspari yeye alikaa chini ukutani, akamweka mtoto mapajani, akalia mbele za watu. "Nilidhani wamemchagua, dada. Nilikuwa najivunia ugonjwa."

Kuanzia hapo, kila asubuhi na kila jioni, alikaa na Rebeka kizingitini. Anasokota kitambaa, anakausha, anasokota kingine, kwa subira ileile ya kusubiri nyuki watulie. Dawa ilipokwisha walirudi kwa daktari, wakaja na nyingine. Mimi nilipita kwa mbali na kutazama. Mto ukaacha kunuka. Mwezi wa tisa Daktari Ziada alisema tundu la sikio la kushoto limejifunga, la kulia bado lipo, dogo.

Mwezi wa kumi na moja, asali ya pili ilipoiva, Gaspari alinichukua mimi na Rebeka, akawasha kienge, tukavuka njia ya ng'ombe kimya. Tulipokaribia mti wa kwanza Rebeka akasimama. Akainua uso.

"Baba," akasema kwa sauti, katikati ya msitu. "Nini kinalia?"

Gaspari akaonyesha mzinga kwa kidole. Mtoto akatazama nyuki, wale aliowazoea kuliko kuku wa nyumbani, na nikaona hofu ikimpanda kutoka miguuni. Mmoja akapita karibu na sikio lake la kushoto. Akapiga yowe, akanikimbilia, akajificha ndani ya khanga yangu. Mdogo wangu alisimama na moshi mkononi. Kisha akakizima kienge mchangani, akambeba, tukarudi na ndoo tupu.

Rebeka hajakanyaga tena msituni. Akiona baba yake anachukua kamba, anaingia ndani na kufunga mlango. Sasa Gaspari anakwenda peke yake, na najua inamuuma, maana nimemwona akipunga mkono kuelekea mahali ambapo hapana mtu.

Juzi nilimuuliza, bila kuzunguka, kama anajuta. Alifikiri sana, kama kawaida yake.

"Jana nilikuwa nyuma ya nyumba," akasema. "Nikamwita, yeye yuko jikoni. Akaitika. Nikanyamaza kidogo, nikamwita tena. Mara ya nne akaja, kakunja uso, akaniuliza, 'Baba, unataka nini?'"

"Ulikuwa unataka nini?"

"Sikuwa na la kumtuma, dada."