Mwiko wa Mtama

Mama alipozikwa Bagamoyo, mwalimu aliyesoma talakini aliuliza jina la mama wa marehemu, kama ilivyo desturi. Tukatazamana. Mimi, mwanawe wa pekee, sikulijua. Basi mwalimu akamwita "Faida, mwana wa Hawa," kwa kuwa sote asili yetu ni Hawa, na kaburi likafukiwa. Maneno yale yalinichoma. Hata maskini wa mwisho mjini petu anajua jina la bibi yake. Baada ya arobaini nikafunika cherehani yangu, nikaondoka kwenda Ugogo kulitafuta jina hilo.

Mama aliletwa pwani na msafara akiwa mtoto. Zaidi ya hapo hakusema, na kwetu mambo hayo hayaulizwi. Nilijua kwamba kwao aliitwa Wendo, na kwamba kwao ni Haneti. Tena nilijua kuwa hakula mtama. Muhogo mkavu alikula, papa wa kunuka alikula, lakini jirani akipika uji wa mtama, yeye alitoka uani. Nilikuwa nimesikia kwamba kila ukoo wa Wagogo una mwiko wake wa chakula, nikajisemea huu ndio utakaonifikisha.

Dodoma gari la moshi la Wadachi lilinishusha asubuhi, katikati ya vumbi na upepo. Hapo stesheni nilikutana na Idi, Mrangi wa Kondoa, mfanyabiashara wa chumvi aliyekijua Kigogo kama lugha yake. Alikuwa anarudi kwao na punda wake, akakubali kupitia Haneti kwa ajili yangu. Aliitazama kanzu yangu akacheka.

"Ndugu yangu, hiyo ikifika Miyuji itakuwa nyekundu."

Hakukosea.

Miyuji tulipumzika kwa mfugaji mmoja mwenye ndewe za masikio zilizotanuliwa kama za mama. Hakuniuliza jina. Aliuliza, "Mwiko wenu nini?"

"Mtama," nikajibu kwa fahari.

Nyumba nzima iliangua kicheko. "Mgogo asiyekula mtama anakula nini? Mawe?" Idi naye alicheka mpaka akashika mbavu. Nilicheka nao, lakini moyoni niliingiwa na hofu kwamba labda mama hakuwa mtu wa huku.

Makutupora tuliwanywesha punda, tukawauliza wanawake waliokuwa wakiteka maji. Mmoja akasema, "Haneti yuko mama ambaye dada yake alipotea mwaka wa njaa. Nendeni kwake."

Haneti tulifika siku ya tatu, alasiri. "Mbukwenyi!" Idi akasalimu mbele ya tembe, na sura ya mama yangu ikatoka mlangoni. Nilipotamka jina Wendo, yule mama alinishika taya kwa mikono miwili akalia, nami nikalia mbele ya punda na watu wote.

"Mimi ndiye mdogo wake," alisema, na Idi akafasiri. "Wahumba, hao Wamasai, walimkamata njiani akienda kuteka maji. Ndivyo alivyotuambia baba. Mama yetu Nyemo alikufa akiitazama njia ile."

Nyemo. Nililirudia jina lile kimoyomoyo nisije nikalisahau. Safari yangu ilikuwa imekwisha. Laiti ningenyamaza hapo!

Jioni mama mdogo alituandalia ugali wa mtama na mlenda. Nikamtania, "Mama mdogo, huu mwiko wa mtama dada yako aliupata wapi? Hakuugusa mpaka kufa."

Idi alifasiri huku akitabasamu. Mkono wa mama mdogo ukasimama juu ya chungu.

"Hakuugusa kabisa?"

"Hata uji."

Aliposema, Idi alifasiri polepole na tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Siku aliyopotea dada, baba alirudi na kikapu cha mtama. Alisema amepewa na mjomba. Siku zile za njaa nilikuwa nimelala tu, siwezi kusimama. Nikala, nikapona." Akausukuma ugali kando. "Kaburi la baba nalimwagia pombe kila mwaka. Kumbe nilimla dada yangu."

Hakuna aliyekula usiku ule. Nilijutia ulimi wangu, nami najuta mpaka leo.

Asubuhi alinisindikiza hadi njia ya maji, akanipa unga wa uwele. "Mwanangu, wakikuuliza tena mwiko wenu, waambie ni mtama. Wasicheke. Hata mimi siuli tena." Akarudi nyumbani bila kugeuka.

Nilipofika Bagamoyo nilimwomba mwalimu aje tena kaburini kuomba dua, na safari hii akamtaja Faida, mwana wa Nyemo. Watu walinipa mkono kwa furaha, nami nikawashukuru. Sikuwaambia nililojifunza huko: nilikwenda kumtafutia mama yangu mama yake, na mama mdogo nikamwacha hana baba. Siku hizi jirani akipika uji wa mtama, natoka uani.