Mkono wa Marehemu Begani

Jumatatu nilikuwa kwa mpiga picha mmoja hapa Baraka, nikingoja picha zangu, wakaingia ndugu wawili kutoka Swima. Mkubwa alishika simu kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba sadaka.

"Juzi tulimaliza matanga ya baba," akasema. "Tukakula, kisha tukapiga picha ya famili. Angalia bega yangu."

Begani palikuwa na ukungu mrefu, wenye mistari kama vidole.

"Ni mukono ya baba. Ameniachia kiti yake ya kuongoza famili."

Mdogo wake akatazama barabarani.

Mpiga picha hakubishana. Alimpa mdogo simu ileile, akasimama ukutani. "Nipige picha."

Picha ikatoka. Mkono wa marehemu sasa ulikuwa begani mwa mpiga picha.

"Basi na mi nimechaguliwa," akasema taratibu. Akapangusa kioo cha kamera ya simu kwa pindo la shati, akanusa lile pindo. "Mafuta ya mawese. Mulikula nini?"

"Bugali na majani ya sombe," mdogo akajibu, akitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Na maji ya kunawa?"

"Ilikuwa haiyafika bado."

Mkubwa akarudi kwenye picha ya kwanza. "Hii unitolee kubwa. Ya kutundika ku salon, wageni waione."

Simcheki. Nawajua wakubwa kadhaa waliokalia viti kwa ushahidi mwembamba kuliko ule. Wao walibahatika tu: hakuna aliyepangusa kioo.